Mama pweza tumcheze vipi kwa nguo na ngoma?

Mshona Viua, Chokocho

Assalaamu alaykum. Sisi ni kikundi cha akina mama tunaoshona kofia za viua, yaani vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi, huku kusini mwa Pemba, na tumeombwa tuandae mchezo wa siku litakapofunguliwa eneo la mwamba lililofungwa ili pweza wakue. Baadhi ya wenzangu wanataka tushone samaki wa rangi za kupendeza na kuwatundika tu. Mimi naona mchezo ueleze kwa nini mwamba ulifungwa, kwa sababu wapo jirani zetu waliozoea kwenda pwani kila bamvua, maji yanapokupwa sana, tangu utotoni, na hadi leo wanahisi wamenyimwa haki yao. Ngoma gani itafaa, na nguo zishonwe vipi?

Mkongwe wa Kibati

Waalaykumu ssalaam, dada yangu. Chezeni kibati, kwani ni ngoma ya kujibizana papo kwa papo, na mzozo mlio nao ni wa maneno. Mmoja awe mvuvi anayelalamika kwamba amezuiwa mwambani ilhali nyumbani hakuna kitoweo, na mwingine awe mama pweza anayemjibu kutoka pangoni. Nakuomba sana, mvuvi asifanywe mjinga, kwa maana njaa yake ni ya kweli.

Jibu la pweza limo katika maisha yake mwenyewe: hutaga mara moja tu, huyaning'iniza mayai pangoni kama shada za ushanga, hukaa akiyapulizia maji bila kwenda kutafuta chakula, na yakishaanguliwa naye hufa. Anayemchomoa kabla ya hapo ameondoka na maelfu ya mayai, ingawa mkononi ameshika pweza mmoja.

Kuhusu nguo, kazi yenu tayari inatosha. Mikono minane iwe mikanda ya kitambaa cheupe, na upande wa chini mshone viua safu mbili, kuanzia vikubwa penye bega hadi vidogo kabisa nchani. Kiua kilichozungushiwa uzi vizuri hufanana mno na vile viduara ambavyo pweza hujibandikia mwambani.

Mwalimu wa Mkoani

Naongeza juu ya pango. Mwaka 2005, huko Los Angeles, ndugu wawili, Margaret na Christine Wertheim, walianza kufuma mwamba wa matumbawe kwa kroshia, wakitumia njia ambayo mwanahisabati Daina Taimina aliibuni mwaka 1997. Kila baada ya vitanzi kadhaa huongezwa kimoja. Ukingo hurefuka kuliko katikati, na kilichofumwa hujikunjakunja chenyewe kama tumbawe. Anayejua kroshia atalifuma pango zima kwa njia hiyo. Upande mmoja uacheni mweupe mtupu, kwa sababu matumbawe yakizidiwa na joto la maji hupoteza rangi, kama yalivyofanya mwaka 1998 katika sehemu kubwa ya Bahari ya Hindi, na wazee wenu wa pwani huenda wakaikumbuka hali hiyo.

Msuka Ukili

Tafadhali tumieni uzi wa pamba, na sakafu ya pango iwe ya ukili, ule msuko wa majani ya mkindu. Nguo za nailoni na poliesta huacha nyuzi ndogo za plastiki kila zinapofuliwa, na maji ya kufulia huishia baharini.

Mshona Viua, Chokocho

Nawashukuru nyote. Tumekubaliana juu ya kibati na uzi wa pamba. Kroshia anaijua mmoja wetu tu, kwa hiyo pango litakuwa dogo. Mkanda wa kwanza umekamilika jana usiku, una viua 26. Mama mmoja aliyekuwa akipinga kufungwa kwa mwamba tangu siku ya kwanza aliuchukua, akauzungusha mkononi mwake kama pweza anavyomng'ang'ania mtu, kisha akasema kwamba mvuvi atamcheza yeye.