Uzamili wa elimu ya afya na viungo: tasnifu au kozi na mradi?

MwalimuFilimbi
Nina shahada ya kwanza ya ualimu wa elimu ya viungo na nimefundisha sekondari kwa miaka 6. Nakusudia kuomba uzamili, na chuo ninachokilenga kina njia mbili: ya kusoma kozi na kumalizia kwa mradi mdogo, na ya kuandika tasnifu. Takwimu nilizisoma muhula mmoja tu, tena nikafaulu kwa kuponea chupuchupu. Ni njia ipi inayomfaa mtu asiyetaka kuacha kufundisha, ila anayetamani uzamivu siku za usoni? Je, umri wa miaka 38 na goti bovu vitanizuia?

MsimamiziMstaafu
Mwalimu, goti liache lipumzike, kwa maana katika ngazi hiyo utapimwa kwa kusoma na kuandika zaidi kuliko kwa kukimbia. Kama uzamivu umo moyoni, chagua tasnifu. Tatizo la waombaji wengi si takwimu bali mada: wanaleta "umuhimu wa mazoezi kwa wanafunzi", mada isiyo na pa kushikia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unapendekeza kwamba watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli za mwili za nguvu ya wastani hadi kubwa. Basi keti pembeni ya kipindi cha mwenzako ukiwa na saa, umfuate mwanafunzi mmoja tu, uondoe muda wa kubadili nguo, wa kuitwa majina na wa kusubiri zamu ya mpira, kisha uone zinabaki dakika ngapi za kuhema. Swali la utafiti utalikuta hapo.

Mhitimu_Mpya
Naunga mkono, ila naongeza la vibali, ambalo mimi lilinichelewesha kuliko takwimu. Ukipima watoto, kamati ya maadili itataka ridhaa ya mzazi na kukubali kwa mtoto mwenyewe, kwa hiyo anza mapema. Pia chunga vipimo vyako. Nilitumia mbio za kwenda na kurudi za mita 20, zile zinazoanza kwa kasi ya kilomita 8.5 kwa saa na kuongezeka 0.5 kila dakika. Kundi la kwanza nikalipima ukumbini, la pili kwenye nyasi zenye umande. Matokeo yalitofautiana, lakini sikuweza kusema kama sababu ilikuwa pumzi au viatu vilivyoteleza, nikalazimika kurudia yote.

Mkufunzi_Afya
Tusiidharau njia ya kozi. Anayetaka kutunga mitaala au kusimamia programu za afya shuleni atanufaika nayo zaidi, na ratiba yake humwonea huruma mwenye kazi. Hata hivyo, kabla ya kulipa ada, uliza kwa maandishi kama chuo hicho huwapokea wahitimu wa njia hiyo katika uzamivu.

MwalimuFilimbi
Nawashukuru sana. Leo nimekaa pembeni ya kipindi cha dakika 40: mwanafunzi niliyemfuata alihema kwa dakika 11, na muda mwingi uliobaki alikuwa kwenye foleni, kwa kuwa mipira ilikuwa miwili tu. Naandika pendekezo la tasnifu kuhusu foleni hiyo.