MJADALA: Bima ya afya ilipie dawa za kuacha sigara, au kila mvutaji ajitegemee?

Tafakuri
Wakuu, hili linaniuma muda mrefu. Bima nyingi hulipia matibabu ya kansa ya mapafu, kiharusi, hata kukatwa mguu ulioharibika mishipa. Mtu akiomba plasta za nikotini au vidonge vya kumsaidia aache kabla hajafika huko, anaambiwa hilo halimo kwenye mafao. Na serikali inakula ushuru kwenye kila pakiti anayonunua. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku ulipitishwa 2003 na kuanza kutumika 2005. Kifungu cha 14 kinazitaka nchi wanachama zisaidie watu kuacha. Plasta na chingamu za nikotini ziliingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya shirika hilo 2009, vidonge vya vareniklini na bupropioni vikafuata 2021. Zinaitwa muhimu, halafu mgonjwa ajinunulie! Nasema zilipiwe zote, pamoja na ushauri. Nyie mnasemaje?

Jiwe la Pembeni
Nakataa. Hakuna aliyeshikwa mkono akawashiwa. Baba yangu alivuta tangu ujana, siku moja akatupa pakiti na hakugusa tena. Hakumeza kidonge, hakukaa na mshauri. Wengine wanakosa nia tu. Fedha ya bima iende kwa watoto na wajawazito.

Binti wa Alfajiri
Wanakosa nia? Mama yangu alitulea peke yake, hakuna siku tuliyolala njaa, na hakuna kazi aliyoikimbia. Sigara amejaribu kuiacha mara nyingi mno. Arosto ikimkaba anatetemeka, anatufokea, halafu anakuja kutuomba radhi huku analia. Usimpime nia mtu usiyemjua.

Jiwe la Pembeni
Sikumtaja mama yako, dada. Nimesema kwa ujumla.

Binti wa Alfajiri
Ndani ya huo ujumla wako yumo mama yangu.

Muuguzi wa Zamu
Mkuu Jiwe, baba yako anastahili heshima, ila usiwapime wote kwa yeye. Wanaojaribu kuacha bila msaada wowote, wanaofikisha mwaka bila kurudi ni kama 3 hadi 5 kati ya 100. Nikotini ukiivuta inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache, na ubongo wa mvutaji wa miaka mingi umeshajipanga kuisubiri. Plasta au chingamu huongeza uwezekano wa kufaulu kwa kiasi cha nusu hivi, na vikitumika pamoja ni bora kuliko kimoja. Vareniklini hukaa palepale nikotini inapokaa, hamu ikapungua na sigara yenyewe ikakosa utamu. Kukataa sigara kunabaki kazi ya mgonjwa. Dawa inampunguzia mzigo ili aiweze.

Hesabu Kamili
Huruma tumezisikia, twende kwenye namba. Mvutaji analipa ushuru maisha yake yote halafu anakufa kabla hajala pensheni. Kuna serikali moja ya Ulaya, nadhani Poland, ilifanya utafiti ikaona inapata faida kutokana na wavutaji. Kwa hiyo hoja ya kwamba tukiwasaidia tutaokoa fedha haina mashiko.

Tafakuri
Ni Jamhuri ya Czech, mwaka 2001, na ripoti iliagizwa na kampuni ya sigara ya Philip Morris. Ilihesabu vifo vya mapema kuwa akiba kwa hazina ya taifa. Watu walichachamaa mpaka kampuni ikaomba radhi hadharani. Ukitaka namba, chukua Massachusetts kule Marekani: 2006 bima ya umma ya watu wa kipato cha chini ilianza kulipia dawa na ushauri wa kuacha sigara. Katika miaka miwili na nusu hivi, wavutaji miongoni mwa wanachama walishuka kutoka asilimia 38 hadi 28.

Hesabu Kamili
Czech au Poland, hoja iko palepale.

Binti wa Alfajiri
Hoja ipi iko palepale? Kwamba mama akiwahi kufa hazina inapata nafuu? Andika wazi basi, tukusome vizuri.

Hesabu Kamili
Sijasema mtu afe. Mjadala wa sera hauwezi kwenda kama kila sentensi inapelekwa nyumbani kwenu.

Binti wa Alfajiri
Sera zinafikia nyumbani kwa watu. Ulitaka zifike wapi?

Babu Mstaafu
Wanangu, shusheni sauti. Bwana Hesabu, unasema mvutaji anakufa mapema kana kwamba limeshaandikwa. Yule daktari Mwingereza, Richard Doll, na wenzake waliwafuatilia madaktari wa kwao kwa miaka 50, matokeo yakatoka 2004. Aliyeacha akiwa na miaka 30 alirudisha karibu miaka 10 ya uhai, wa 40 miaka 9, wa 50 miaka 6, na hata wa 60 alirudisha mitatu. Mimi niliacha nikiwa na mvi tayari, kwa dawa na kwa kliniki, na nililipa mwenyewe kwa sababu nilikuwa na uwezo. Wenzangu niliovuta nao hawakuwa nao. Wengi nimewazika.

Jiwe la Pembeni
Pole babu, shikamoo. Basi wavutaji wachangie bima zaidi yetu. Marekani sheria yao ya 2010 inaruhusu mvutaji atozwe mpaka asilimia 50 juu ya mchango wa kawaida. Hiyo ndiyo haki.

Muuguzi wa Zamu
Sheria hiyohiyo inataka bima nyingi zigharimie huduma za kuacha, hiyo umeiruka. Na adhabu inafundisha watu kuficha. Nauliza "unavuta?", naambiwa hapana, na harufu iko kwenye shati. Ushauri wa dakika tatu tu wa mhudumu wa afya unasukuma watu kujaribu kuacha, ila hauwezi kuanza kama mgonjwa ameogopa kusema kweli.

Jiwe la Pembeni
Kumbe tunaombwa tuwalipie na waongo!

Mwana wa Kwanza
Mkuu, mimi ndiye huyo muongo. Nilimficha daktari kwa sababu nilijua nitasemwa, si kutibiwa. Nilikuwa na kikohozi kisichoisha, nikasema ni vumbi la kazini. Niliporudi nikiwa na hali mbaya zaidi ndipo nikasema. Na sikutajiwa dawa yoyote, niliambiwa "acha tu". Umeona ilivyo rahisi? Ni maneno yako yaleyale.

Jiwe la Pembeni
Pole kwa yaliyokukuta. Lakini daktari akikosea, suluhisho si mfuko wangu.

Hesabu Kamili
Na sigara za kielektroniki nazo tulipie?

Tafakuri
Tusihamie huko, hatutatoka. Jiwe, swali ni moja: Thailand 2001 walianzisha mfuko wa kukuza afya unaotokana na asilimia 2 ya nyongeza juu ya ushuru wa tumbaku na pombe. Fedha za kuwasaidia wavutaji zikitoka kwao wenyewe namna hiyo, bado unapinga?

Jiwe la Pembeni
Hiyo sina ugomvi nayo. Ila mchango wangu wa bima usiguswe. Na anayetafuna tumbaku je? Au yeye si mraibu?

Muuguzi wa Zamu
Ni mraibu kamili. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2024 umemtaja na yeye, kwa vareniklini au nikotini ya tiba.

Hesabu Kamili
Nyongeza ya ushuru ikishaingia hazina kuu hamtaiona tena. Itafute kliniki, utakuta dirisha la dawa limefungwa.

Tafakuri
Ndiyo maana isiingie hazina kuu. Iandikwe kwenye sheria yenyewe, kwa kiwango na kwa matumizi yake, na hesabu zake zisomwe kila mwaka. Hapo nani anapinga, na kwa sababu gani?