Tupeane uzoefu: umeme ukikatika, unajuaje chakula cha frigo (friji) bado kinalika?

MwanaHimbi
Wapendwa, umeme ulikatika jana saa kumi na mbili jioni, umerudi leo saa sita mchana. Ndani ya frigo kuna sufuria ya maharage, nusu kuku, sombe (majani ya muhogo) ya juzi, maziwa, mayoneze na kipande cha fromaji (jibini) ya Masisi. Mama yangu anasema chemsha vyote, ndivyo tulivyokula tangu zamani. Madamu, mke wangu, anasema tupa vyote, hataki kulala chooni. Mimi niko katikati, nanusa maharage tangu saa sita na pua imechoka. Nyinyi kesi hii mnaikataje?

KijanaWaKatindo
Weka pua, weka ulimi, amua. Fromaji usiitupe, hiyo inashuka kutoka Masisi juu ya pikipiki, frigo imeijulia kwako.

MamaYaKatoni
Umenikumbusha ile wiki ya mwisho wa Januari 2025. Waliokuwa Goma vita ilipoingia wanajua, sitarudia. Nilikuwa nauza kuku na samaki wa tomson mlangoni, nina kongelateri (friza) moja ya kulala, na katoni nne za kuku nilikuwa nimetoka kuziingiza, kwa deni. Umeme ukaenda, maji yakaenda, sisi tukahamia koridoo, magodoro tumeyaegemeza madirishani. Siku ya kwanza nilikataza mtu asiguse mfuniko. Nikaifunika blanketi mbili kama mgonjwa wa malaria. Siku ya pili usiku nikaingiza mkono, tochi ya simu mdomoni: katikati bado mawe, pembeni zimelegea. Siku ya tatu nikaona maji mekundu yanatoka chini.

Hapo sasa. Makala (mkaa) nusu gunia, tone la maji ya kuoshea hakuna. Nikapika zile zilizokuwa bado na barafu, sufuria baada ya sufuria, na kupitisha juu ya ukuta kwa majirani. Watu walikula kuku wiki ile kuliko Noeli. Aliyenikopesha hakucheka. Zile za chini, zilizolala kwenye maji ya damu, nilizikataa hata mtoto alipolia. Lakini unazitupa wapi? Nje risasi. Uwanjani huwezi kuchimba, chini ni mawe ya volkano, jembe linakurukia usoni. Nikazifunga ndani ya gunia nikaziweka bafuni, maana maji ya kuoga hatukuwa nayo hata hivyo. Siku tatu. Ile harufu ndiyo iliyoniapisha kwamba kongelateri nitaiuza.

NdoshoMoja
Kabisa, mama. Kwetu samaki asubuhi, mchana na jioni mpaka paka akakataa.

MuuguziWaKeshero
Mimi ni muuguzi, mniruhusu niwachoshe kidogo. Frigo isiyofunguliwa inashika baridi kwa muda wa saa 4 hivi. Kongelateri iliyojaa, saa 48. Ikiwa nusu, saa 24, na hiyo ni kama mikono imekaa mbali. Frigo inatakiwa iwe nyuzi 4 au chini ya hapo. Baridi ikishatoka, nyama, maziwa na chakula kilichopikwa vina saa 2 tu. Kwa hiyo MwanaHimbi, kwa saa 18 zako: maharage, kuku, sombe, maziwa, mayoneze, tupa. Fromaji ngumu, siagi, tomato ya kopo, bakisha.

Pua haisaidii. Vijidudu vinavyoleta harufu mara nyingi si vile vinavyoleta ugonjwa. Na kuchemsha kunaua vijidudu, sawa, lakini kuna sumu ambayo baadhi yao wameshaiacha ndani ya chakula, hiyo haiogopi moto. Wali uliolala nje ni mfano. Tena hapa Goma juu, karibu mita 1,500 toka usawa wa bahari, maji yenyewe yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, hata 100 hayafiki.

KatubaBoy
Saa 4? Hapa Lubumbashi mwezi wa Oktoba frigo ikizima siagi inakuwa mafuta ya kupaka. Nyie wa Kivu mna baridi ya bure, mnalia nini?

WaKadutu
Baridi ya bure iko wapi? Njoo ukae chini ya bati letu saa nane mchana.

MzeeWaMajengo
Mama yangu hakuwahi kuona frigo. Amekufa ana miaka 91, na meno yake yote.

MuuguziWaKeshero
Papa, kwa heshima yote: mama alipika ya siku, iliyobaki ikaliwa usiku uleule, samaki akakaushwa kwa moshi. Hakulaza mayoneze.

MzeeWaMajengo
Kwa hiyo leo unamfundisha marehemu mama yangu kupika?

KijanaWaKatindo
Imeanza.

WaPanzi
Nilisema sitaiandika hii. Acha niiandike.

Ilikuwa Bukavu, komunyo ya mtoto wetu. Ijumaa nilinunua katoni ya tomson. Usiku umeme ukaenda, ukarudi Jumamosi jioni. Nilipofungua, samaki walikuwa wamelegea wote, maji ya vuguvugu chini ya katoni. Nikapiga hesabu ya hela, nikarudisha mfuniko, wakaganda tena. Hakuna aliyeniona. Jumapili jirani wa parseli yetu (uwanja mmoja wa nyumba) akaja kunisaidia kuwatia chumvi na kuwakaanga. Hawakunuka hata kidogo. Wifi yangu tu ndiye aliyesema, "Samaki wako wana pilipili kali." Pilipili sikutia.

Haikupita nusu saa. Uso wake ukaanza kuwaka, shingo ikatoka mabaka, anashika kifua anasema moyo unamkimbia. Halafu shemeji. Halafu watoto wawili. Mama mkwe akapiga kelele neno moja: karuho, yaani sumu ya kutiliwa na mtu. Mnajua parseli inavyokuwa neno hilo likishatamkwa. Macho yote yakaenda kwa jirani, maana ndiye aliyeshika samaki, na alikuwa hajala, alikuwa bado anakaanga. Wanaume wengine wakataka wagonjwa wapelekwe kwa mganga, watapishwe. Shemeji mdogo ndiye aliyempakia wifi kwenye pikipiki, wakakimbilia kituo cha afya, wengine wakafuata.

Muuguzi akauliza walikula nini, samaki gani, walilala wapi, ulimi uliwasha au haukuwasha. Akasema hii si sumu ya mtu, ni samaki wenyewe. Wakikosa baridi, ndani yao inatengenezeka kitu kinachoitwa histamini, na mafuta ya moto hayaiondoi. Akawapa vidonge vya alerji, jioni wote wakawa wazima. Lakini mchana huo mlango wa jirani ulikuwa umeshapigwa mawe. Mwisho wa mwezi akahama.

Niliyejua samaki walilegea ni mimi. Muuguzi aliponiuliza nilisema walitoka sokoni hivyo hivyo.

KijanaWaKatindo
Weee.

MamaYaKatoni
Dada. Ulinyamaza?

MzeeWaMajengo
Msidanganyane, karuho ipo. Tangu lini samaki akakimbiza moyo wa mtu?

MuuguziWaKeshero
Tangu zamani, papa. Tomson, thon (jodari), sardini, hao wote wana hiyo tabia. Watu kadhaa wa sahani moja, ndani ya saa moja, ulimi unawasha, ngozi inawaka: kabla ya kutaja jirani, uliza samaki walilala wapi.

WaKadutu
Na mganga angewatapisha, wangepona jioni ileile, na sifa angechukua yeye. Ndivyo inavyokwenda.

MzeeWaMajengo
Sikusema kila ugonjwa ni karuho. Nimesema ipo.

NdoshoMoja
WaPanzi, mtafute huyo mama. Hata kwa simu.

WaPanzi
Namba yake ninayo.

MwanaHimbi
Jamani, maharage yangu.

PetiteBarriere
Nawaachia dawa yangu. Gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu ya barafu, kiache ndani ya kongelateri. Ukitoka safari ukaikuta juu, hakuna kilichoyeyuka. Ukiikuta chini, iliyeyuka ikaganda tena na wewe hauko.

KatubaBoy
Sarafu gani? Sisi tuna noti tu, na zenyewe zimechoka.

PetiteBarriere
Ya Rwanda. Nilirudi nayo kutoka Gisenyi, faranga 100.

KatubaBoy
Sasa hata kuku wetu wanalindwa na jirani.

NdoshoMoja
Siasa nje, tafadhali. Tuko kwenye sombe.

WaPanzi
Mimi sarafu isingenisaidia. Nilikuwa nimeona kwa macho.

MtotoWaNguba
Samahani, nje ya mada kidogo: mama yangu anatumia insulini na kwetu delestaji (umeme kukatwa kwa zamu) ni kila siku. Nayo tunatupa?

MuuguziWaKeshero
Si nje ya mada. Usiitupe haraka. Insulini nyingi zikishafunguliwa zinavumilia siku 28 hivi nje ya frigo, mradi joto lisipite nyuzi 25 au 30 kufuatana na aina. Soma karatasi iliyo ndani ya boksi lake. Chungu cha udongo kilicholowa, mahali pa kivuli, kinasaidia sana. Usiilaze juu ya barafu. Ikiganda, hiyo ndiyo ya kutupa.

KijanaWaKatindo
Kwa hiyo dawa inavumilia kuliko maharage. Nimeelewa dunia.

WaKadutu
Na nyama iliyolegea nusu, inarudi kwenye kongelateri?

MuuguziWaKeshero
Ikiwa bado ina chembe za barafu ndani, rudisha, utamu utapungua tu. Ikiwa imelegea na ni vuguvugu, hapana.

MzeeWaMajengo
Mwambie aikate vipande, aipake chumvi, aianike. Mambo yameisha.

MuuguziWaKeshero
Ikiwa bado mbichi na baridi, papa, nakubali. Ikishakaa vuguvugu, chumvi imechelewa.

MzeeWaMajengo
Leo umekubali kitu kimoja. Nashukuru.

MwanaHimbi
Mrejesho. Nimetupa kuku, maziwa, mayoneze na sombe. Fromaji tumekula. Maharage niliyamwaga kwenye pubeli (pipa la taka) safi, ile yenye mfuko mpya, nikaenda kuoga. Nimetoka nimekuta mama ameyatoa, yako jikoni yanachemka mara ya pili, naye anaimba nyimbo za kanisa. Madamu amejifungia chumbani na watoto na mkate. Naomba ushauri mwingine, ila si wa frigo.

NdoshoMoja
Huo hata muuguzi hana.

KatubaBoy
MamaYaKatoni, ile kongelateri uliiuza?

MamaYaKatoni
Bado ipo. Lita 300. Niliiosha kwa siki nikaiwekea makala ndani wiki mbili, harufu imeisha. Unaichukuaje na uko Lubumbashi?

PetiteBarriere
Mimi niko karibu. Inakula umeme mwingi?

MamaYaKatoni
Ukiwepo.