Tupeane uzoefu: must, may, could, should zimekukuta wapi kazini?

Assalam aleikum jamani. Mie nasomesha kiingereza jioni hapa Mjini, wanafunzi wengi ni vijana wa mahoteli, na kinachowatatiza kuliko msamiati ni haya maneno madogo can, may, might, must, should, would. Umbo halina tabu, ni he must sio he musts, tabu ni neno moja kuwa na kazi mbili tatu. Mgeni akikwambia you must be tired hakuamrishi uchoke, anakisia kwa uhakika kuwa umechoka. Na akisema you must visit us ni ukarimu tu. Leteni visa vyenu

*Muongoza wageni, Jozani*
Wageni hawaruhusiwi kuwashika kima punju. Kuna kijana alieanza kazi juzijuzi aliwaambia wageni wake you don't have to touch the monkeys, mmoja akajibu I know but I want to na mkono keshaunyoosha!! Must na have to bila ya not zinakaribiana, ukizitia not tu kila mmoja anashika njia yake, mustn't ni marufuku, don't have to ni si lazima, ukitaka fanya. Siku hizi kila anaeanza tunamsomesha hiyo kwanza

*Mapokezi, Nungwi*
Kwangu ni might na could. Mzee mmoja wa Uingereza alisema you might want to have a look at the shower, mwenzangu wa zamu akadhani anakaribishwa kukoga, kumbe bomba linavuja na mgeni anataka fundi ila anasema kwa adabu. Na could you bring some water huulizwi habari za jana ingawa could ni can ya wakati uliopita, ni heshima tu, kama sie tunavosema ungeniletea maji

*Wa Mkoani, Pemba*
Mie bandarini. Siku za kusi kali mgeni akiniuliza boti inafika saa ngapi simwambii it will arrive, hiyo ni ahadi, nasema it should, yaani ndo tunavotarajia, na bahari ikichafuka zaidi nasema it might, yaani huenda. Watu wana ndege za kuunganisha, hiyo will inaweza kumkosesha mtu safari

*Mhudumu, Paje*
Bosi akisema you should have called me msikimbilie simu, hapo unalaumiwa kuwa hukupiga, ni ile ungelinipigia yetu. Akisema you should call me ndo upige. Ila nina suali, must ya kukisia ukitaka kukanusha unasema mustn't?

*Mwanzisha mada*
Hapana, hapo inakuja can't. That can't be the Pemba boat, it's too early. Haiwezi kuwa ndo yenyewe. Na huna hakika sema it might not be, usiseme can't