Rangi inachemka kwenye kikombe cha brashi ya hewa: nakosea wapi katika usafi?

Mchoraji wa Chikongola, Mtwara

Ndugu mafundi, nawasalimu. Ninayo brashi ya hewa, yaani kifaa kidogo cha kupulizia rangi kwa hewa ya kompresa, ya kikombe cha juu, yenye sindano ya milimita 0.3, ambayo naitumia kuandika majina na kuchora picha kwenye matangi ya bodaboda na ubavuni mwa bajaji. Mwanzoni ilitoa mstari mwembamba kama unywele, lakini kwa wiki mbili sasa kila nikibonyeza triga rangi inachemka kikombeni kama uji ulio jikoni, na mbele hutoka matone badala ya ukungu. Kila jioni napuliza tina, kiyeyushi cha rangi, mpaka itoke safi. Juzi nililoweka brashi nzima kwenye tina usiku kucha, na asubuhi triga ikawa nzito na hewa ikaanza kuvuja chini yake. Jana nimeharibu tangi la mteja, nikalipiga msasa na kulirudia kwa gharama yangu. Naomba mnielekeze.

Fundi wa Lindi Mjini

Pole sana, mdogo wangu. Rangi ikichemka kikombeni, ujue hewa iliyopaswa kutokea mbele inarudi nyuma, ama kwa sababu nozeli, ule mdomo mdogo wa mbele unaotoa rangi, imeziba, ama haikukazwa vizuri, ama imepasuka. Tina ya jioni huosha kikombe na njia pana, lakini ule utando unaoganda ndani ya nozeli, pale sindano inapokaa, hubaki na kuongezeka siku hadi siku.

Legeza nati ya nyuma, chomoa sindano ikiwa imenyooka, kisha ifute kwa kitambaa chenye tina kuanzia upande mnene kuelekea kwenye ncha, ukiizungusha. Fungua nozeli kwa spana yake ndogo, uiloweke peke yake kwenye kifuniko cha chupa chenye tina kwa dakika 10 au 15, kisha isafishe kwa brashi laini. Tafadhali usiingize waya wala sindano ya kushonea, kwa maana mdomo wa nozeli ukitanuka hautarudi tena. Itazame kwa lenzi, kwani ufa wake huonekana kama unywele. Unapoirudisha, ikaze kwa vidole, halafu spana iguse tu. Nyuzi zake ni nyembamba mno na zikikatika kipande hubaki ndani ya mwili wa brashi. Sindano nayo isukume polepole mpaka igome yenyewe. Anayeishindilia ndiye anayepasua nozeli.

Kuhusu kuloweka, hapo ndipo ulipoumiza chombo chako: oringi, vile vipete vya mpira vilivyo kwenye vali ya hewa, huvimba kwa tina, na ndiyo maana hewa inavuja. Zibadilishe.

Mkazi wa Mikindani

Nakubaliana na fundi, isipokuwa sindano yenye rangi mbichi isichomolewe kwa nyuma kabla ncha haijaoshwa, kwa sababu itaburuta rangi hadi kwenye gasketi, kizibo kinachozuia rangi isirudi nyuma, na kuigandisha huko. Na usafishe kila unapobadili rangi, usingoje jioni.

Matone mengine ni maji. Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi, na kompresa ikiibana, unyevu huo hugeuka maji ndani ya tangi. Fungua koki ya chini kila siku uyamwage, na kichujio cha maji ukifunge karibu na brashi, ambako hewa imekwisha kupoa njiani. Usilainishe triga kwa mafuta ya cherehani yakafika kwenye njia ya rangi, kwani rangi itatoboka vishimo. Tina ya kusafishia ipulize ndani ya kopo lenye kifuniko kilichotobolewa, mlango ukiwa wazi. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wake, hivyo tafuta yenye kichujio cha kaboni. Mapafu hayana spea.

Mchoraji wa Chikongola, Mtwara

Nawashukuru sana, kaka zangu. Nimeifungua leo asubuhi: ndani ya nozeli palikuwa na ganda jeusi, na lilipotoka ufa ukaonekana upande mmoja wa mdomo. Tangi la kompresa limetoa maji yenye kutu, karibu kikombe kizima cha chai. Nozeli na oringi nimeziagiza Dar es Salaam zije kwa basi, na wateja wawili nimewaomba wasubiri.