Mjadala: Ndani ya Ghuba ya Mwanza tupunguze kasi, au tupunguze ukubwa wa injini?

Mtoa mada, Ilemela

Mwangaluka, ndugu zangu wa Ziwa Victoria. Nina mitumbwi miwili ya nyavu za sangara. Mmoja unakwenda kwa injini ya HP 15, yaani nguvu za farasi 15, mwingine bado tunavuta kasia. Siku hizi mgongo umenikatalia kulala majini, kwa hiyo wanaokwenda ni watoto wa kaka yangu, na jambo ninalolileta hapa linaninyima usingizi kwa sababu yao.

Mwezi uliopita, saa kumi na moja alfajiri, mtumbwi wa kasia ulikuwa unarudi na nyavu zilizoloa. Ulikuwa umebakiza kama mita mia kufika mwaloni, pale tunaposhushia samaki, ukingo wake uko karibu kabisa na maji kama kilivyo chombo chochote kilichobeba. Boti ya HP 40 ikapita pembeni kwa kasi yake yote. Haikuwagusa. Lililowazamisha ni wimbi iliyoliacha nyuma: la kwanza likajaza, la pili likapindua. Vijana waliogelea wakatoka. Nyavu hatukuzipata zote. Aliyeshika injini hakugeuka hata kutazama.

Sikutaka ugomvi. Nilitaka kujua tu sheria inasema boti iende mwendo gani ikikaribia mwalo. Ofisi ya kwanza niliambiwa wao ni wa samaki na nyavu, habari ya kasi niulize watu wa vyombo. Ya pili wakaniambia mambo ya mwalo ni ya halmashauri. Nikaishia kwa mzee mmoja wa BMU, kikundi chetu cha kulinda rasilimali za uvuvi mwaloni, akasema desturi yetu ilikuwa kupunguza mwendo ukifika kwenye maboya. Nikamuuliza maboya yako wapi. Akanyoosha mkono kwenye maji matupu.

Kwa wasiofahamu, kazi zimegawanyika hivi. Sheria ya Uvuvi ya 2003 na Kanuni zake za 2009 zinashughulika na leseni, zana na samaki mwenyewe. Usalama wa chombo, usajili na ukaguzi wake ni kazi ya TASAC, shirika la serikali la usafiri wa majini, lililochukua shughuli za majini za SUMATRA, iliyokuwa mamlaka ya usafiri, mwaka 2018. Halmashauri ina uwezo wa kutunga sheria ndogo. Ukisogea Saanane au Rubondo umeingia kwenye hifadhi za taifa, huko ni TANAPA. Kila mmoja kashika kipande chake, na mvuvi yuko katikati na kasia mkononi.

Muulize mvuvi yeyote hapa wavu wa sangara ni inchi ngapi, atakujibu 6 kabla hujamaliza swali. Wa dagaa, milimita 8. Mita 60 za kutofanya shughuli kandokando ya maji, zilizomo kwenye Sheria ya Mazingira ya 2004, hata watoto wa shule wanazijua, maana watu walipimiwa kwa futi na wengine wakavunjiwa mabanda. Vitu hivyo vinajulikana kwa sababu vina namba na namba hiyo imefika mwaloni. Mwendo wa boti karibu na mwalo sijamsikia mtu akiutaja kwa namba.

Sasa pale kwetu kuna wanaosema dawa ni kupiga marufuku injini za HP 40 ndani ya ghuba. Mimi napinga, japo ndiyo iliyowapindua wanangu. Ninachotaka ni umbali: mita 200 kutoka kila mwalo zitiwe maboya, na ndani ya maboya hayo injini yoyote, kubwa au ndogo, iende pole. Na "pole" tuifafanue, kwa sababu boti zetu hazina mita ya kuonyesha mwendo. Pua iwe imelala na nyuma pasiwe na wimbi linalojikunja.

Nasisitiza pua kulala, maana wengi wanakosea hapa. Boti ikiwa kasi kamili inapanda juu ya maji, wimbi lake linakuwa dogo kiasi. Nahodha akipunguza nusu tu, mkia unazama, pua inainuka, na hapo ndipo inaporundika maji na kutoa wimbi baya kuliko lote. Kwa hiyo yule anayesema "mbona mimi nilipunguza" anaweza kuwa amepunguza kweli, na bado akawa ameongeza madhara. Ipunguze mpaka ilale.

Naomba mawazo, hasa ya wenye boti kubwa.

Mwenye boti, Kayenze

Pole sana mzee wangu kwa vijana na kwa nyavu. Huyo aliyepita bila kugeuka hakustahili kupewa chombo.

Ila mimi ni mwenye HP 40, acha niseme upande wetu. Boti yangu ni ya kukusanya. Nawafuata sangara visiwani, napakia na barafu, narudi mjini. Barafu haisubiri. Nikichelewa saa mbili, samaki wanashushwa daraja na bei inaanguka, na hasara hiyo nagawana na wavuvi haohao wa kasia walioniuzia. Halafu kuna upepo. Nyote mnajua wingu linavyoweza kutokea nyuma yako ukiwa katikati ya maji. Wenye kasia wanaomba Mungu, mimi nafungua injini. Na kuna wezi. Mwenzangu alivamiwa usiku wakamfungulia injini na kumwacha anaelea mpaka asubuhi. Waliompita ndio waliokuwa na injini kubwa kuliko yake. Kwa hiyo mtu akiniambia kasi ni hatari, kwangu kasi ni ulinzi.

Jambo jingine. Misiba mikubwa ya ziwa hili tunaikumbuka wote. MV Bukoba, Mei 21, 1996. MV Nyerere, Septemba 20, 2018, pale Ukara, watu 228 kwa hesabu ya serikali, na kivuko chenyewe kilikuwa cha watu 101. Hakuna hata kimoja kilichozama kwa mwendo mkali. Ni kujaza kupita kiasi. Kama kuna nguvu ya kusimamia sheria, ianzie kwenye upakiaji na majaketi ya kuokolea, maana hata vijana wako mzee, sikuona umetaja kama walikuwa wamevaa.

Hofu yangu ni kwamba leo ni mita 200, kesho ni kilomita 2, keshokutwa HP 40 hairuhusiwi.

Mama wa dagaa

Mimi sivui, naanika. Naomba nami nisikilizwe kwa sababu mnazungumza mwalo kama vile ni wa boti peke yake.

Asubuhi pale ukingoni kuna wanaochota maji, wanaofua, watoto wanaoosha miguu kabla ya kwenda shule, na sisi wenye chanja na wanaoanika mchangani. Boti ikija kwa kishindo, wimbi linapanda mpaka kwenye dagaa waliokwisha kukauka nusu. Dagaa akiloa mara ya pili hakauki vizuri tena, anabadilika rangi, anabaki wa kuuza chakula cha kuku. Ndoo ya dagaa wa kula na ndoo ya dagaa wa kuku hazifanani bei hata kidogo. Hakuna anayenilipa tofauti hiyo.

Kaka wa Kayenze, barafu yako naielewa. Lakini mita 200 ukizienda pole ni dakika ngapi? Hesabu mwenyewe.

Na swali langu kwa mtoa mada: maboya ya kwanza yaling'olewa na nani? Kwa sababu maboya yetu ni madumu, na madumu yenye kamba nzuri hayalali majini wiki mbili kabla mtu hajayachukua kuelea nyavu zake.

Msomi wa uvuvi, Nyegezi

Hoja ya umbali ina nguvu, na kuna sababu nyingine ambayo haijatajwa. Sato dume huchimba kiota kwenye maji ya kina kifupi, sehemu ya mchanga, jike huja kutaga hapo na baadaye hubeba mayai mdomoni. Pangaboi la injini likipita juu ya maji ya mita moja linavuruga tope na kila kilichoko chini. Ukanda uleule unaowaumiza wa kasia ndio unaowaumiza sato.

Kwingine duniani wamepita njia hiihii. Jimbo la Wisconsin, Marekani, ziwa la ekari 50 au pungufu lenye njia ya umma, boti ya injini lazima iende mwendo wa kutoacha wimbi. Kwenye maziwa yao makubwa zaidi wana ukanda wa futi 100 kutoka ufukweni wenye sharti hilohilo. Ziwa Windermere, Uingereza, tangu 2005 mwisho ni noti 10, kama kilomita 18 kwa saa, na kulikuwa na upinzani mkali wa wenye boti za kasi. Kwa maziwa yetu madogo kama Ikimba ningependekeza ziwa zima liwe la mwendo wa pole. Ghuba ya Mwanza ni ndefu, haiwezekani.

Ila namba ina udhaifu. Kanuni za kimataifa za kuzuia vyombo kugongana, za 1972, kanuni ya 6, hazitaji namba. Zinadai "kasi salama", kutegemea uwezo wa kuona, wingi wa vyombo, upepo na kina. Pengine tufuate hiyo.

Mvuvi wa usiku

Kipindi cha giza, taa za dagaa zikiwa zimewaka, wewe uliye karibu na taa huoni kitu nje ya mwanga wako. Boti inakuja unasikia mlio tu, hujui inatokea wapi. Mita 200 za mwaloni hazinisaidii mimi niliye nje. Wekeni na sharti la boti yenyewe kuwasha taa.

Mtoa mada

Nimesoma yote, nawajibu niwezavyo.

Kaka wa Kayenze, majaketi hawakuwa nayo. Nimenunua mawili baada ya siku ile, nilipaswa kununua kabla. Kuhusu upakiaji uko sahihi, sina la kubishana. Lakini 1996 na 2018 tulihesabu kwa sababu waliokufa walikufa kwa mamia siku moja. Mtumbwi wa kasia unapinduka na watu wawili, unaandikwa wapi? Hofu yako ya kesho na keshokutwa ninaiheshimu, ndiyo maana nimekataa hoja ya HP. Injini kubwa iokoe watu kwenye upepo huko nje. Na mtu anayekimbia dhoruba au wezi aingie mwaloni kwa mwendo wowote, hilo liandikwe kabisa.

Msomi wetu, ahsante kwa habari ya sato, nitaitumia. Ila "kasi salama" nimeikataa, nakuomba radhi. Hakimu ataielewa, wakili ataielewa. Kijana wa miaka 19 aliyeshika injini saa kumi na moja alfajiri kila kasi anaiona salama, kwa sababu yeye hazami. Mimi nataka kitu ambacho mtu aliyeko ufukweni anaweza kukionyesha kwa kidole: umepita dumu la njano, pua yako imeinuka, umekosa.

Wa usiku, taa nakubali moja kwa moja. Nilikuwa naitazama alfajiri ya kwangu tu.

Mama, kwa hesabu yangu mita 200 kwa mwendo wa mtu anayetembea ni dakika tatu hivi. Na maboya ya kwanza, nimeuliza, ni kama ulivyosema, yalichukuliwa na sisi wenyewe wavuvi. Safari hii nataka kila dumu liandikwe namba ya mwalo kwa rangi na ugharimiaji utoke kwa wenye injini, kila injini kiasi kidogo, ili anayeliiba awe ameiba cha mwenzake anayemjua.

Jumapili kikundi chetu kinakaa chini ya mwembe. Nitakuja na kamba niliyoipima mita 200 na madumu manne. Tukikubaliana, muhtasari wenye saini za mwalo mzima nitaupeleka halmashauri kuomba iwe sheria ndogo, na nakala TASAC. Kaka wa Kayenze, kama unaweza kufika na boti yako, njoo. Nataka tuipitishe mbele ya watu kwa mwendo wa aina tatu, wa kasi, wa nusu na wa pole, mtumbwi wa kasia ukiwa pembeni, kila mtu aone mawimbi kwa macho yake. Mafuta nitalipa mimi.