"MOTO UNARUHUSIWA" kumbe jiko la gesi! Tuheshimiane

Wakuu, hapa cheche zinanitoka puani. Wale jamaa wa kambi mnawajua, sina haja ya kuwataja. Tangazo lao herufi kubwa: MOTO UNARUHUSIWA. Unafika na kuni, hema limeshasimama, mtu wa getini anakwambia, "Moto ni wa jiko la gesi." Jiko la gesi! Basi na kiberiti nacho ni moto wa kambi. Na sigara.

Kambi yenye moto wa kweli inajulikana kwa macho: pete ya chuma au ya mawe, ardhi imefyekwa hadi udongo mtupu mita 3 kila upande, hema la karibu liko mita 4 na nusu au zaidi. Picha zao? Taa ya betri katikati ya viti. Taa! Halafu "moto ni wa jiko la gesi". Kwa sauti ya upole kabisa.

Kigogo Kikavu: Pole mkuu, ila umejitakia. Uliuliza kama moto ni wa chini au wa kwenye beseni la chuma lenye miguu? Kuni zako au zao? Unazimwa saa ngapi? Na leo hakuna marufuku? Kiangazi, nyasi zikikauka na upepo ukizidi, marufuku hutangazwa asubuhi ileile. Simu hupigwa siku ya safari, siyo siku ya kulipia.

Mleta mada: Nipige simu ya nini wakati wameandika KWA HERUFI KUBWA?

Moshi Mtupu: 😂😂 Mtu kabeba kuni kama anahama. Sehemu nyingi kuni za mbali hazitakiwi, mabuu ya wadudu watoboa miti husafiri chini ya gome. Ungerudishwa getini hata bila hiyo gesi.

Mama Hema: Afadhali gesi kuliko wale wanaouza kuni mbichi. Gonganisha vipande viwili: kikavu kinalia kwa ukali, kibichi kinatoa mguno. Unyevu ukipita asilimia 20 unanunua moshi.

Jivu Baridi: Kuni mbichi ni cha mtoto. Kuna watu wanaokota mawe ya mtoni wanafanya mafiga! Maji yamejificha kwenye nyufa, yakichemka mvuke unapasua jiwe, kipande kinakuja usoni.

Kigogo Kikavu: Na wanaofukia moto kwa mchanga wakaenda zao? Mchanga unatunza joto, makaa yanabaki hai chini kwa saa nyingi, kesho mtoto anakanyaga. Mwaga maji, koroga, mwaga tena, sogeza mgongo wa kiganja karibu na jivu. Ukisikia joto, hujazima.

Mleta mada: Jamani, uzi ni wa JIKO LA GESI.

Moshi Mtupu: Enhe, tena umenikumbusha. Kwa nini mtungi mdogo wa gesi unazimika usiku wa baridi na ukiutikisa bado gesi imo?

Mama Hema: Huo ni wa butani tupu. Karibu na nyuzi 0 haigeuki mvuke, inabaki kimiminika humo ndani. Chukua wenye mchanganyiko wa isobutani na propani, na usiuweke juu ya udongo wa baridi, weka kibao chini.

Moshi Mtupu: Asante sana mama. Uzi mzuri huu.